Mkorosho haubebeki: jinsi vita vinavyozidisha umaskini wa watu wa kawaida, kutoka Ruvuma hadi Sudan

Wanajukwaa, salaam.

Naandika uzi huu nikiwa Newala. Anayesimama ukingoni mwa Shimo la Mungu siku isiyo na ukungu huliona bonde la Ruvuma limetanda chini, na ng'ambo yake nchi ya Msumbiji, ambako wengi wetu tuna ndugu, makaburi na majina yanayofanana na ya huku. Babu yangu mzaa mama alivuka mto huo katikati ya miaka ya 1960, baada ya vita vya ukombozi vilivyoanza Septemba 1964 kufika katika uwanda wa Mueda. Alipokuwa akitusimulia, hakuanza na ndege za Wareno wala milio ya risasi. Alianza na mikorosho. Aliiacha mikorosho aliyoipanda kwa mkono wake mwenyewe, ndiyo kwanza imeanza kuzaa, na katika miaka yote iliyobaki ya maisha yake hakupata tena shamba la ukubwa ule.

Nimekuwa nikilikumbuka jambo hilo kila ninaposikia redioni hesabu za vita zikitolewa kwa idadi ya waliouawa peke yake. Idadi hiyo ina uzito wake na sitaki kuipunguza. Lakini kwa kila aliyeuawa wapo wengi waliobaki hai na kufukarika, na ufukara wao haumalizwi na mkataba wa amani. Ninachotaka tukijadili ni kwa nini vita humwondolea mtu wa kawaida kila alichonacho huku vikimgusa kidogo tu mwenye nacho, hata kama wote wawili waliishi katika mji mmoja.

Jibu langu ni kwamba mali ya maskini haibebeki na wala haisubiri. Mwenye fedha benki huondoka na fedha zake, au hukuta ziko salama katika nchi nyingine. Mwenye hati ya nyumba hurudi na hati yake na kudai. Mkulima wa huku kwetu ana shamba alilorithi kwa maneno ya wazee, mbuzi watatu, mtumbwi kama anaishi Msimbati au Mikindani, na pia ana mali moja ambayo watakwimu hawaiandiki popote, nayo ni jina lake dukani. Mwenye duka humkopesha unga mwezi wa pili kwa sababu anamjua, anamjua baba yake, na anajua korosho zitaanguka kuanzia mwezi wa tisa. Mtu huyo akihamishwa kilomita mia moja kwa siku moja, hata kama hajapigwa hata kofi, amekwisha kuwa maskini wa kutupwa, kwa kuwa huko alikofika hakuna anayejua kama hulipa madeni yake.

Mkorosho uliopandwa kwa mbegu huchukua miaka mitatu au zaidi kabla ya kuanza kuzaa, na miaka mingine kadhaa kabla ya kuzaa vya kutosha. Shamba lisilopaliliwa hugeuka pori, kisha moto wa kiangazi hupita na kulimaliza. Kwa hiyo vita vya miaka mitano si hasara ya miaka mitano. Ukijumlisha muda wa kufyeka upya, kupanda upya na kungoja, ni hasara ya miaka kumi au kumi na mitano, na kwa mtu aliyekuwa na miaka arobaini na tano siku aliyokimbia, hiyo ndiyo nguvu yake yote iliyokuwa imebaki.

Kusini yetu inalijua hili tangu zamani. Julai 1905, huko Nandete katika nchi ya Umatumbi, watu waling'oa pamba waliyolazimishwa kuilima, na vita vya Maji Maji vikaanza. Wajerumani chini ya Gavana von Götzen walipoona hawawezi kuwamaliza wapiganaji porini, waliugeukia mji wa mkulima: walichoma vijiji, wakachoma maghala, wakachukua mifugo na kuzuia watu wasilime. Wanahistoria wengi hukadiria kuwa waliokufa walifika kati ya 200,000 na 300,000, na sehemu kubwa yao waliuawa na njaa iliyofuata wala si risasi. Miaka kumi haijatimia tangu njaa hiyo ipungue, Vita Kuu ya Kwanza vikaingia. Oktoba 1917 pale Mahiwa, karibu na Nyangao, Waingereza na Wajerumani walipigana moja ya mapambano makali kuliko yote katika Afrika Mashariki. Wanaume wa vijiji walichukuliwa kuwa wapagazi wa pande zote mbili, na chakula cha vijiji kikaliwa na majeshi ambayo hayakuwa na ugomvi wowote na waliokilima. Bibi zetu walituachia maarifa ya kuchimba ming'oko, mizizi ya porini inayoliwa. Leo tunaichemsha na kuiuza barabarani kama kitafunwa, na watoto wanaipenda, lakini mimi siwezi kuila bila kufikiri ni miaka ya namna gani iliyowafundisha watu kuitegemea.

Sasa tutazame jirani yetu wa leo. Oktoba 2017 vikundi vyenye silaha vilishambulia Mocímboa da Praia katika jimbo la Cabo Delgado. Machi 2021 vikashambulia Palma, mji ambao wafanyabiashara wengi wa Mtwara waliufahamu kama wanavyofahamu soko la nyumbani. Kwa hesabu za Umoja wa Mataifa, waliokimbia makazi yao katika jimbo hilo walikaribia milioni moja. Upande wetu, Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya kilivamiwa kutoka ng'ambo, watu wakauawa na nyumba zikachomwa, na waliokuwa wakilima kandokando ya mto wakayaacha mashamba.

Kuna jambo moja la Palma ambalo limenikaa moyoni. Mradi wa gesi wa TotalEnergies, wenye thamani ya takribani dola bilioni 20, ulisimamishwa baada ya shambulio lile. Aprili 2021 kampuni ilitangaza kuwa imekumbwa na dharura isiyozuilika, kifungu ambacho mikataba mikubwa huwa nacho, kinachoiruhusu kampuni kusitisha majukumu yake mpaka hali itengemae bila kuhesabiwa kuwa imevunja ahadi. Siilaumu kwa kutumia haki yake ya kisheria. Ninachosema ni kwamba mvuvi wa Palma hana kifungu cha namna hiyo. Deni lake la nyavu haliwezi kusimama, njaa ya mtoto haiwezi kusimama, na msimu wa mpunga haumsubiri mpaka hali itengemae. Katika vita vilevile na mji uleule, mmoja aliweza kusimamisha saa yake na mwingine hakuweza.

Wapo watakaosema kuwa hayo ni ya wanaoishi ndani ya vita. Naomba niwaeleze habari ya jirani yangu, mjane mwenye watoto wanne, anayekaanga maandazi na ana shamba dogo la korosho aliloachiwa na mumewe. Februari 2022 Urusi iliivamia Ukraine. Nchi hizo mbili kwa pamoja zilikuwa zikiuza zaidi ya robo ya ngano yote inayouzwa kati ya nchi na nchi duniani, na Ukraine pekee ilikuwa muuzaji mkubwa kuliko wote wa mafuta ya alizeti. Ngano na mafuta ndiyo maandazi yenyewe. Bei ya petroli nchini ilipita shilingi 3,000 kwa lita, hata Serikali ikaanza kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi kuanzia Juni. Jirani yangu alipunguza ukubwa wa andazi kwanza. Wateja wakalalamika, na baadhi wakaacha kununua. Kisha akapunguza siku za kukaanga. Mwishoni akauza korosho zake kwa kangomba, yaani kwa kipimo cha bakuli, zikiwa bado ni maua mtini, kwa bei isiyofika nusu ya ile iliyokuja kutangazwa mnadani mwezi Oktoba. Mavuno ya mwaka ule yalipita mbele ya macho yake yakienda kwenye gunia la mtu mwingine, na mwaka uliofuata aliuanza bila fedha ya kupulizia dawa, kwa hiyo ugonjwa wa ubwiriunga ukashambulia mikorosho na mavuno yakawa haba tena. Mama huyu hajawahi kumwona Mrusi wala Myukraine, lakini vita vyao vilimgharimu misimu miwili. Aliyenunua korosho zile kwa bakuli alipata faida nzuri sana. Hapo ndipo naona kuwa vita havipotezi mali tu, bali pia huihamisha, kutoka kwa asiyeweza kungoja kwenda kwa anayeweza.

Ndivyo ilivyo kila mahali ninapoangalia. Yemen, Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa lilikadiria kuwa kufikia mwisho wa 2021 vita vingekuwa vimesababisha vifo 377,000, na karibu asilimia 60 ya vifo hivyo vilitokana na njaa, maradhi na ukosefu wa maji na tiba. Sudan, ambako majenerali wawili walianza kupigana tarehe 15 Aprili 2023, zaidi ya watu milioni 12 wamelazimika kuhama, vita viliingia mpaka Gezira, eneo la kilimo cha umwagiliaji lililokuwa likilisha nchi, na Agosti 2024 baa la njaa lilithibitishwa katika kambi ya Zamzam huko Darfur. Nchi yenye mto Nile imefikishwa kwenye njaa kwa sababu mkulima hakuweza kupanda, na aliyepanda hakuweza kuvuna, na aliyevuna alinyang'anywa njiani. Katika mwaka huohuo wa 2024 dunia ilitumia dola bilioni 2,718 kwa majeshi na silaha, kwa hesabu ya taasisi ya SIPRI ya Stockholm. Sijui niandike nini pembeni ya tarakimu hiyo ili msomaji aione jinsi ninavyoiona mimi.

Nawasilisha. Naomba michango, hasa ya wenye kupinga.

MCHANGIAJI KUTOKA LINDI MJINI

Mkuu, nimesoma kwa makini na ninakubaliana na mengi, lakini nina pingamizi. Unawapa watawala kisingizio kizuri mno. Msimu wa 1973/74 nchi yetu ilivuna takribani tani 145,000 za korosho. Kufikia msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Hakuna jeshi la kigeni lililoteka Mtwara wala Lindi katikati ya miaka hiyo. Watu walihamishwa kupelekwa vijiji vya ujamaa mbali na mikorosho yao, bei aliyolipwa mkulima ikawa ndogo, ubwiriunga ukaenea, na viwanda vya kubangua vilivyojengwa kwa mikopo vikafungwa kimoja baada ya kingine. Umaskini huo tulitengenezewa kwa kalamu wakati wa amani. Tukizoea kusema kuwa vita vya Ukraine ndivyo vilivyompokonya mjane korosho zake, nani atauliza kwa nini hakuwa na mahali pa kukopa kwa riba ya haki?

MWANZISHA UZI

Nakushukuru mkuu, pingamizi lako ni la kweli na takwimu ulizotoa ni sahihi. Sikatai kwamba kalamu hufukarisha. Hata hilo la mjane nalikubali nusu yake, maana kama angekuwa na mahali pa kukopa, mshtuko wa bei ungemyumbisha bila kumwangusha.

Lakini tazama kilichotokea baadaye katika mfano wako huohuo. Mikorosho ilibaki imesimama. Watu walibaki hai na waliruhusiwa kuirudia. Sera zilipobadilika na salfa, dawa ya ubwiriunga, ikapatikana, walifyeka, wakapulizia, na msimu wa 2017/18 nchi ikavuna zaidi ya tani 300,000. Kosa la wakati wa amani lilirekebishika, ingawa liliwaumiza wengi na kwa muda mrefu mno. Sasa linganisha na ng'ambo ya Ruvuma. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Msumbiji vilianza 1977 na kumalizwa kwa mkataba wa Roma, Oktoba 1992. Watu wapatao milioni moja walikuwa wamekufa, shule na zahanati za vijijini zilikuwa zimechomwa kwa makusudi, na mabomu ya ardhini yalibaki mashambani. Nchi hiyo ilitangazwa kuwa imesafishwa mabomu hayo mwaka 2015, yaani miaka 23 baada ya kusaini amani. Mkulima aliyekuwa na shamba lenye bomu hakuhitaji sera nzuri, alihitaji mtu wa kuja na kifaa kulichimbua, na wengine walimngoja mtu huyo muda ambao mtoto huzaliwa, husoma na kuoa.

Kuna na jambo la pili. Kalamu unayoilaumu huandika vibaya zaidi vita vinapokuwa jirani, kwa sababu hazina inakuwa imekwisha. Naamini wapo wazee humu wanaokumbuka mwaka 1979 kuliko mimi niliyeusoma vitabuni.

MCHANGIAJI KUTOKA NACHINGWEA

Mwaka huo naukumbuka, na kwa kuwa umetuita wazee nitasema nililoliona.

Nduli Amini alipoivamia Kagera mwishoni mwa 1978, sisi huku tulikuwa mbali kabisa na mapigano, labda mbali kuliko Watanzania wote. Vijana walikwenda, baadhi hawakurudi, na Kampala ikaanguka Aprili 1979. Tulishangilia na tulikuwa na haki ya kushangilia, kwa kuwa vita vile hatukuvianzisha sisi. Kisha Mwalimu akatuambia tufunge mikanda kwa miezi 18. Vita vile vilikadiriwa kuigharimu nchi takribani dola milioni 500, na wakati huohuo bei ya mafuta duniani ilipanda. Miezi 18 ilipita, ikapita na mingine mingi. Sabuni ilitoweka, tukafua kwa majani ya mpapai. Sukari ilikuwa ya mgawo. Mke wangu alikuwa na khanga moja ya kutokea, na msiba ulipotangazwa wanawake wa mtaa mmoja waliazimana ili kila mmoja apate kwenda kuzika kwa zamu. Langoni mwa duka la kijiji niliwahi kupanga foleni tangu alfajiri nikarudi mikono mitupu, na jioni nikakuta sukari ileile inauzwa kwa siri nyumbani kwa mtu kwa bei ya mlanguzi.

Kijana wa Lindi anasema hakuna jeshi lililoteka Mtwara. Ni kweli. Lakini salfa ya kuzuia ubwiriunga ilinunuliwa kwa fedha za kigeni, na vipuri vya viwanda vile vya kubangua vilinunuliwa kwa fedha za kigeni, na fedha hizo zilikuwa zimekwenda Kagera. Kwa hiyo katika korosho zilizopotea, sehemu yake iweke kwenye hesabu ya vita. Siwezi kukuambia ni sehemu gani, wala sidhani kuwa ilikuwa kubwa kuliko ile ya kuhamishwa vijijini, ila ilikuwepo.

Na hapa Nachingwea tuliishi na wapigania uhuru wa FRELIMO kwa miaka. Tuliwapa chakula na hatukujuta. Nasema haya ili vijana wajue kwamba gharama ya vita hulipwa hata na anayeunga mkono upande wa haki.

MWANZISHA UZI

Shikamoo mzee wangu, na asante sana. Habari ya khanga ya kuazimana kwa ajili ya mazishi sikuwahi kuikuta katika kitabu chochote. Ninakubali pia neno lako la mwisho, kwa sababu katika uzi wangu niliandika kana kwamba vita vyote ni vya wenda wazimu. Babu yangu aliyepoteza mikorosho aliipenda FRELIMO mpaka anakufa. Aliona kwamba uhuru ulistahili, na wakati huohuo hakuacha kuhesabu miti aliyoiacha. Alikuwa anaitaja kwa idadi, arobaini na sita.

Wachangiaji wawili wameniuliza faraghani kuhusu hali ya sasa ya mpakani, na mimi sitaki kusema nisichokiona kwa macho. Naomba walioko Kilambo, Kitaya na Mtambaswala wenye Daraja la Umoja watuandikie mambo matatu: kama mashamba ya bondeni yaliyoachwa mwaka 2020 yamerudiwa na wenyewe au yanalimwa na watu wengine, kama wafanyabiashara wadogo wanaovuka na mchele, samaki na nguo wamepata tena wateja wa kuwakopesha upande wa pili, na kama wale waliouza mbuzi na mitumbwi kwa bei ya kutupa wakati wa hofu wameweza kununua vingine. Mwenye jibu hata la familia moja tu, naomba aliandike hapa kama lilivyo.